Mvua ikigoma kukata, mpe mbwa wako kazi ya pua

Msimu wa mvua ukianza hapa Mwanza simu ninazopigiwa zinabadilika kabisa. Ikinyesha wiki nzima utasikia dokta njoo umuone huyu mbwa, kachimba mlango, kachana kochi, kala ndala za watoto, kutwa anabwekea ukuta, na wengi wanadhani anaumwa au kaanza ukorofi. Mi nikifika kitu cha kwanza naulizia ratiba yake ikoje, na jibu ni lilelile: zamani jioni alikuwa anatoka anazunguka kwenye mawe huko juu, siku hizi hatoki kwa sababu ya tope. Sasa hapo ugonjwa uko wapi, mbwa kaboreka tu.

Na mvua ya huku ina mambo yake. Usiku nchi kavu inapoa haraka ila maji ya ziwa yanabaki na joto, kwa hiyo upepo unatoka nchi kavu kila upande unaingia ziwani, unakutana huko katikati unapanda juu, mawingu yanajijenga, ndo maana radi zetu nyingi zinakuja usiku wa manane kuelekea alfajiri. Na mbwa wengi wa mjini hapa, iwe Nyakato, Buswelu au Isamilo, mchana wanafungiwa bandani na usiku ndo wanafunguliwa walinde. Kwa hiyo muda wake wa kutembea na kunusanusa ndo huohuo mvua inapiga, anajikunyata varanda mpaka kunakucha, halafu asubuhi anarudishwa bandani. Hapo siku nzima imepita hajafanya kitu chochote cha maana, halafu mnashangaa kochi limechanika.

Kosa ninaloliona kwa watu wengi ni kutaka kurudisha zile mbio ndani ya nyumba, wanarusha mpira sebuleni kwenye tailizi. Tailizi zinateleza jamani, mbwa mkubwa kama German Shepherd ambaye nyonga zake tayari ni za mashaka akikata kona pale miguu ya nyuma inaachia, na mbio zenyewe zinampandisha mzuka tu, anatoka pale kachangamka kuliko mwanzo. Kinachomtuliza ni pua. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu mamilioni kwa mamilioni, sisi kwake ni kama tumezibwa, na sehemu ya ubongo inayoshughulika na harufu kwake ni kubwa sana ukilinganisha na yetu. Mpe dakika 15 za kutafuta chakula kwa kunusa, utaona mwenyewe anavyoenda kulala.

Na hapa sisi wa Kanda ya Ziwa tumebarikiwa, tuna dagaa. Hakuna biskuti ya dukani yenye harufu kama dagaa mkavu. Wale wanaoanikwa chini wana mchanga kwahiyo waoshe vizuri, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta bila chumvi, basi. Anza kirahisi: mbwa akae upande wa pili wa mlango, wewe weka dagaa wachache sakafuni sehemu za wazi, mfungulie mwambie "tafuta". Raundi zinazofuata ficha nyuma ya mguu wa meza, chini ya mkeka, pembeni ya ndoo. Usimwoneshe kwa kidole! Akihangaika muache ahangaike, ndo kazi yenyewe hiyo. Akishazoea watoto nao wanaweza kujificha wenyewe na dagaa mkononi, mmoja nyuma ya pazia mwingine chumbani, mbwa anatumwa awatafute, na mvua ikiwa imewafungia wote ndani huo mchezo unaokoa mama mwenye nyumba maana watoto na mbwa wanachoka pamoja.

Vifaa wala usinunue. Trei ya mayai ile ya karatasi, unaweka matonge madogo ya ugali kwenye vile vishimo, juu unafunika na vitambaa vilivyokunjwa, anafanya kazi ya kutoa kimoja kimoja. Taulo la zamani unatandaza, unamwaga dagaa, unaliviringisha, ukiona amekuwa mtaalamu unalipiga fundo. Chupa ya maji ya plastiki, toa kifuniko na ile pete yake asije akameza, tia dagaa ndani, atakuwa anaipiga kwa pua na kucha mpaka wadondoke, makelele yapo ila vumilia. Wa kutafuna kila kitu huyo chupa usimwachie peke yake, akianza kumega vipande nyang'anya. Jioni paka uji mzito au mtindi kidogo kwenye sinia alambe, kulamba kunamtuliza sana.

Lakini hivi vyote vitoke kwenye mlo wake wa siku, sio nyongeza. Kama jioni anakula ugali wa dona na mchuzi wa mapanki (mabaki ya sangara minofu ikishatolewa), punguza hapo. Na mapanki yenyewe, mifupa ya sangara itoe yote, ni migumu na imechongoka, inakwama kooni. Chakula chenye vitunguu weka mbali, vinaharibu chembe nyekundu za damu, na chokoleti vilevile asiguse.

Kuna watu watasema dokta kwetu mbwa haingii ndani, iwe kwa dini au ndo walivyokuzwa. Sawa kabisa, sijaja kugombana na mtu nyumbani kwake. Varanda yenye paa inatosha, stoo inatosha, hata bandani kwenyewe unaweza kumwagia dagaa kwenye majani makavu akawa anachambua. Ila banda la bati tupu wakati wa mvua kubwa ni mateso, sikio lake linapata sauti ambazo wewe huzisikii kabisa, sasa fikiria yale matone mazito yakishuka juu ya bati. Weka magunia au mbao juu ya bati kupunguza kelele, na chini inua kidogo asilale kwenye maji.

Hapo pia utofautishe aliyeboreka na anayeogopa radi. Anayetetemeka, anahema mdomo wazi, udenda, anataka kuingia chini ya kitanda, huyo sio wa michezo, hata dagaa hatamgusa. Mpe kona yenye giza, funga mapazia, washa redio, na ukitaka kumshika mshike, yale maneno kwamba ukimbembeleza unamfundisha uoga sio kweli. Kama kila radi anataka kuvunja mlango zipo dawa, ila ziandikwe na daktari wa mifugo. Diklofenaki na panadoli za kabatini usimpe, zinaweza kuua mbwa.

Na vijana wa kuchezesha mwanga wa tochi au leza ukutani mbwa aukimbize, acheni. Inachekesha ila hashiki kitu hata siku moja, wengine wanabaki wanawinda vivuli mwaka mzima.

Halafu msimchoshe. Mbwa mzima analala saa 12 mpaka 14 kwa siku na kitoto kinaweza kufika 18 hata 20, kwa hiyo vipindi viwili vitatu vifupi vinatosha, kingine muda wa utii tu, kaa, lala, njoo, mkono.

Mvua ikipumua kidogo mtoe haraka ajisaidie, hapo msimpitishe kwenye mbio. Akirudi mfute miguu, angalia katikati ya vidole na ndani ya masikio kama kuna kupe, kausha masikio hasa yale ya kulala. Na akikataa dagaa wakati radi hamna, kajikunja tu hana mpango na mtu, huko kuboreka kumeshapita, mpime joto kwa kipimajoto njia ya nyuma. Kawaida yake ni 38.3 mpaka 39.2. Likipita 39.5 mlete, mvua au jua.