Paramount: Lebo ya Santuri Iliyozaliwa na Kiwanda cha Viti

Wasikilizaji wengi wa santuri za Paramount, lebo ya zamani ya Marekani, hushangaa kusikia mikwaruzo mingi kiasi kile, hata sahani ikiwa imetunzwa vizuri. Chanzo chake kiko katika asili ya kampuni yenyewe, ambayo haikuanzishwa na watu wa muziki bali na mafundi wa samani. Wisconsin Chair Company ya Port Washington, mji ulio kando ya Ziwa Michigan, ilikuwa ikitengeneza makabati ya gramafoni, na wakuu wake waliamini kwamba mnunuzi angelipenda zaidi kabati linalouzwa pamoja na santuri. Kwa hiyo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, walianzisha Paramount na kuchapa santuri zake Grafton, kijiji cha jirani.

Nyimbo za dansi za miaka ya mwanzo hazikuitofautisha na kampuni nyingine. Jina lake lilijengwa na mfululizo wa santuri zilizopewa namba kuanzia 12000, ulioanza mwaka 1922 kwa ajili ya wanunuzi Weusi. Aliyeusimamia kutoka Chicago ni J. Mayo Williams, msomi Mweusi wa Chuo Kikuu cha Brown, ambaye chini yake Ma Rainey, mwimbaji wa kike wa blues, alianza kurekodi mwaka 1923. Mwaka 1926 zikatoka santuri za Blind Lemon Jefferson, kipofu wa Texas aliyeimba huku akijipigia gitaa, nazo ziliuzwa sana hata kampuni nyingine zikaanza kuwatafuta waimbaji kama yeye. Matangazo yalichapishwa katika gazeti la Chicago Defender, na wateja wa mbali waliagiza kwa posta.

Kwa maoni yangu, ubahili wa kampuni hii ndio uliofungua mlango na ndio uliouharibu urithi wake. Mwimbaji wa shambani aliye na gitaa moja hakugharimu kama okestra, hivyo Charley Patton wa Mississippi alirekodiwa mwaka 1929, akafuatwa na Son House mwaka 1930 na Skip James mwaka 1931. Lakini ubahili uleule uliingia katika shelaki, malighafi ya kutengenezea santuri, iliyochanganywa na vijazio duni vilivyoifanya sindano ikwaruze tangu siku ya kwanza.

Santuri za James zilitoka wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, zikanunuliwa na wachache mno. Kurekodi kulikoma mwaka 1932, na bamba nyingi za chuma za kuchapia zikauzwa kama vyuma chakavu. Ndiyo maana matoleo mengi ya leo hunakiliwa kutoka sahani chache zilizosalia, pamoja na mikwaruzo yake.