Kwa nini patola ya Patan haina ndani wala nje?

Kitambaa cha kupigwa chapa hujulikana ukikigeuza tu: upande mmoja umekolea, wa pili umefifia. Patola, hariri inayofumwa mjini Patan, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, haiko hivyo. Tembo, kasuku na maua yake hung'aa sawasawa pande zote mbili, na mwenye sari huivaa upande wowote autakao.

Siri ni kwamba mchoro huingia kwenye uzi kabla ya kufuma. Mafundi hupima nyuzi za mtande, zile za urefu, na za mshindio, zinazokatiza kwa upana, kisha hukaza uzi wa pamba kwenye sehemu zisizotakiwa kunywa rangi. Wakishachovya hufungua, hufunga upya mahali pengine, huchovya tena. Kila rangi ina zamu yake. Nili hutoa buluu, bizari manjano na maganda ya komamanga hutoa rangi ya njano. Siku ya kufuma, mtande una mchoro wake na mshindio una wake, na lazima vikutane: wekundu wa huku uangukie wekundu wa kule. Watu wawili hukaa kwenye kitanda cha kufumia kilichoinamia upande mmoja. Hufuma kipande kidogo, husimama, hushika sindano na kusogeza uzi mmoja mmoja mpaka ukae sawa. Kwangu mimi, ustadi wote uko kwenye sindano hiyo. Sari moja huchukua miezi 4 hadi 6, na yenye mapambo mazito hufikia mwaka.

Kazi ya namna hii ilihitaji mji wenye fedha, na Patan ilikuwa nazo: ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa ukoo wa Solanki, waliotawala Gujarat. Masimulizi ya wenyeji husema mfalme Kumarapala, aliyetawala katika karne ya 12, alitaka patola mpya kila aendapo kuabudu. Aliposikia kwamba zile anazoletewa kutoka mji wa Jalna zilikuwa zimekwisha kutandikwa kitandani na mtawala wa huko, alihamishia Patan familia 700 za wafumaji, wa ukoo wa Salvi.

Mwishoni mwa karne ya 13 jeshi la sultani wa Delhi, Alauddin Khalji, liliuteka mji. Mwaka 1411 Ahmad Shah, sultani wa Gujarat, akaanzisha mji wa Ahmedabad, na makao ya utawala yakahamia huko. Ufumaji haukufa, kwa sababu wanunuzi walikuwa mbali: patola zilisafirishwa hadi visiwa vya Indonesia, zikawa mavazi ya watawala na urithi wa familia, na huko ziliaminiwa kuwa na nguvu ya kuponya.

Leo familia zinazofuma kwa njia hii mjini Patan ni chache mno. Wasalvi waliifundisha kazi ndani ya ukoo tu, na sielewi jinsi ya kuwalaumu, maana ndiyo iliyowalisha. Patola nyingi za bei nafuu sokoni hutoka Rajkot, pia Gujarat, ambako kwa kawaida mshindio peke yake ndio hutiwa mchoro na mtande huachwa bila kufungwa.