Lundo la Taka Likipata Mwenyewe

Mtu akirudi safari ya Kigali, habari ya kwanza ni usafi: barabara zinang'aa, mtaroni hakuna hata chupa. Kisha huongeza, "Wenzetu wamestaarabika." Katika kazi yangu ya afya ya mazingira nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, na kila mara linaniumiza. Ndani yake mna kukata tamaa, kana kwamba usafi ni tabia ya kuzaliwa nayo, nasi hatukujaliwa.

Tuitazame Surat, mji wa viwanda vya nguo na wachongaji almasi magharibi mwa India. Septemba 1994, baada ya mafuriko kuacha mizoga na taka zikioza mitaani, ilizuka tauni ya mapafu. Watu zaidi ya 50 walikufa, na mamia ya maelfu wakajazana kwenye treni na mabasi kuukimbia mji. Wakati huo Surat ilihesabiwa miongoni mwa miji michafu kabisa nchini humo.

Mei 1995 aliletwa mkurugenzi mpya wa jiji, S. R. Rao. Aliligawa jiji katika kanda 6, kila kanda akaipa mkuu mwenye mamlaka ya kuamua na kutumia fedha bila kungoja saini ya makao makuu. Kisha akawatoa maofisa ofisini. Kila asubuhi, naye akiwemo, walizunguka kwa saa kadhaa wakikagua mitaro, masoko na vichochoro. Mchana walikutana kuelezana walichokiona na nani atakishughulikia. Barabara kuu zikawa zinafagiliwa usiku. Migahawa michafu ilitozwa faini, mingine ikafungwa. Haikupita miaka miwili, Surat ikatajwa kuwa mji wa pili kwa usafi India nzima, nyuma ya Chandigarh.

Wakazi walikuwa walewale, na joto lilelile. Kilichobadilika ni kwamba kila lundo la taka lilipata mwenyewe: ofisa anayejulikana, ambaye siku hiyohiyo mchana ataulizwa mbona bado lipo. Wala haikuwa nguvu ya soda, maana katika tathmini ya taifa ya 2023 Surat ilishika nafasi ya kwanza kwa usafi pamoja na Indore, mji mwingine wa India.

Turudi Kigali. Wageni husimulia umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na katazo la mifuko ya plastiki la 2008. Yote ni kweli, ila Jumamosi moja haiwezi kusafisha siku 30. Kuna wafagiaji, wengi wao wanawake, wanaoingia barabarani kila siku kwa ujira, na kaya hulipa ada ya mwezi ili taka zake zizolewe. Sisi tuliiga Jumamosi, na hilo ni jema, lakini mitaa mingi bado haijui gari la taka litapita lini. Mama aliyekaa na kiroba kinachonuka siku 9 mlangoni, usiku mvua ikinyesha atakisukumia mtaroni. Kabla hatujamlaumu, tumpe siku ya gari isiyobadilika.

Zurich, Uswisi, ada imo ndani ya mfuko wenyewe. Tangu 1993 taka za nyumbani hutolewa katika mifuko rasmi ambayo bei yake imejumuisha gharama ya kuzizoa, kwa hiyo anayetupa kingi hulipa kingi, na watu hutenganisha karatasi na chupa ili mfuko usijae upesi.

Kwetu uzito mkubwa wa pipa ni maganda, mabaki ya chakula na majani. Hizo ndizo zinazooza, kuita nzi na kulifanya lori lijae kabla ya kumaliza mtaa. Indore huzikusanya peke yake mlango kwa mlango, na tangu Februari 2022 kuna mtambo unaozigeuza gesi ya kuendeshea mabasi ya jiji. Nyumbani huhitaji mtambo. Weka ndoo yenye mfuniko kwa maganda, yapeleke kwa mfugaji au yafukie shambani. Kiroba kitakachobaki kitakuwa kikavu, na hata gari likichelewa siku 2 hakitatoa harufu. Kwenye mkutano wa mtaa, muulize afisa mtendaji gari hupita siku gani na nani wa kupigiwa simu lisipopita, na majibu hayo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo.