Panga likiwa mita saba: bastola, sekunde na uamuzi

Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City nchini Marekani, alieleza jambo alilolipima mwenyewe: mtu mzima mwenye afya hukimbia futi 21, yaani mita 6.4, kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi. Askari aliyefunzwa naye alihitaji takriban muda huohuo kuchomoa bastola na kupiga risasi mbili kifuani. Baadaye watu wakaligeuza zoezi hilo kuwa kanuni: "mwenye panga akiwa chini ya mita saba, piga." Sivyo. Umbali ule unaonyesha mahali ambapo hatari imeshafika. Ruhusa ya kufyatua haimo ndani yake.

Kwa mwenye leseni ya bastola anayeishi Dar es Salaam au Arusha hesabu ni mbaya zaidi. Yule askari alivaa bastola wazi mkandani, wewe umeificha chini ya shati. Shati likinasa kwenye mpini, sekunde yako imekwisha. Halafu risasi ya bastola haimwangushi mtu papo hapo. Hata moyo ukipasuka, ubongo unaweza kubaki na oksijeni ya kutosha kwa sekunde 10 hadi 15, na mwenye panga hahitaji hata tatu.

Ndiyo maana mimi huanza na miguu kabla ya mikono. Piga hatua mbili kubwa za pembeni. Usirudi kinyumenyume, kwa sababu utajikwaa na yeye anakuja kwa kasi kubwa kuliko yako. Weka gari au meza kati yenu. Paza sauti: "Simama! Tupa panga!" Anapata nafasi ya kuacha, na majirani wanasikia nani alikuwa akishambuliwa. Kama kuna mlango wa kutokea, toka.

Sheria nayo ijulikane mapema. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 18A, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kulinda mali. Kifungu cha 18B kinaweka mpaka: nguvu iwe ya kiasi, ile tu inayohitajika. Ukiua kwa nguvu iliyozidi, kosa ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kenya, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu yao kinafuata misingi ya komoni loo ya Uingereza, yaani sheria inayotokana na maamuzi ya mahakama. Katika komoni loo hiyo, shauri la Palmer la mwaka 1971 lilikubali kwamba aliyevamiwa hawezi kupima nguvu yake kwa usahihi kamili. Usiufanye huo kuwa mwanya.

Kwa vitendo jiulize mambo matatu. Ana uwezo wa kuua au kujeruhi vibaya? Yuko mahali anapoweza kukufikia, hakuna geti wala ukuta katikati? Anaonyesha nia hiyo sasa hivi? Moja likikosekana, kidole kinabaki nje ya triga. Mwizi anayeruka ukuta na televisheni begani amekupa mgongo. Mwache aende.

Sasa kasoro ninayoiona kwenye viwanja vingi vya shabaha: kila filimbi hufuatwa na risasi. Mkono unajifunza kufyatua kwa kusikia mlio, na macho hayajifunzi chochote. Dawa yake ni rahisi. Tengeneza mabango ya umbo la mtu, na kwenye mkono wa kila bango bandika picha: panga, simu, tochi, ufunguo wa gari, au acha mkono mtupu. Anza na bastola ya plastiki ya mafunzo. Mwenzako abadilishe picha ukiwa umegeukia upande mwingine, kisha akuite. Kabla bastola haijainuka, taja kwa sauti ulichokiona: "Simu." "Panga." Umbali uwe mita 3, 5 na 7. Kati ya zamu 10, angalau 6 ziishie bila kufyatua. Asizipange picha kwa mfuatano unaojirudia, maana utaanza kukisia badala ya kutazama.

Kurudisha bastola kwenye mfuko wake ni zoezi lenyewe. Wengi huirudisha kwa haraka, pindo la shati linaingia kwenye triga, na risasi inapita pajani. Hakuna mashindano ya kurudisha bastola. Inua shati, tazama mfuko, ingiza taratibu.

Nyumbani fanya mazoezi makavu, yaani bila risasi, kwa dakika 10. Toa magazini (kasha la risasi) kwanza, ndipo uvute slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma. Ukianza na slaidi utatoa risasi moja na kuingiza nyingine kwenye chemba, mahali risasi inapokaa tayari kupigwa, bila kujua. Tazama chemba, kisha ihakikishe kwa ncha ya kidole. Risasi zote zikae chumba kingine. Ukimaliza, tamka kwamba umemaliza, na usiiguse tena. Ajali nyingi za aina hii huja baada ya kujaza upya, mtu akisema "moja ya mwisho."

Bastola ikibofya bila kulia, gonga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta slaidi hadi mwisho na uiachie, kisha tazama upya kama bado kuna sababu ya kufyatua. Mara nyingi chanzo ni magazini ambayo haikukaa sawasawa.

Pima pia nyumba yako. Risasi ya milimita 9 hupenya mlango wa mbao, dari ya jipsamu na bati, na tofali la saruji lenye matundu si la kuliamini. Jua watoto wanalala upande gani, na uchague mapema mahali pa kusimama ili mtutu usielekee huko kamwe.

Hatari ikiisha, piga 112. Eleza mahali ulipo, mavazi yako, na kwamba una silaha. Kandamiza jeraha kwa kitambaa, hata kama ni la aliyekuvamia. Maganda yaache yalipoanguka. Polisi wakifika, bastola isiwe mkononi mwako.