Skrubu ya kabureta haipunguzi mafuta, mzee wangu

Jumamosi iliyopita alifika mwalimu mmoja mstaafu kutoka upande wa Njoro, akiendesha Yamaha DT 175 ya miaka ya 1980 ambayo ameitunza kuliko watu wengi wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Akaegesha kivulini, akavua kofia, akaniuliza habari za nyumbani na za watoto, mmoja mmoja kwa jina. Kisha akafika kwenye shida yake: "Fundi, hii kitu inakunywa sana. Nikazie ile skrubu kidogo."

Alikuwa wa tatu wiki hiyo. Wa kwanza alikuwa kijana aliyerithi Honda XL ya babu yake, wa pili alinipigia simu kutoka Kericho akitaka nimwelekeze azungushe kwa upande gani. Hapa Nakuru, ukisema pikipiki inakula mafuta, kila mtu mpaka muuza mahindi choma atakwambia kaza skrubu. Nimeamua kuyaandika haya ili mtu mwingine akija nimpe simu asome huku nikiendelea na kazi.

Skrubu ipi, kwanza? Kabureta ya namna hii, yaani kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ina mbili kwa nje. Moja inainua slaidi, kile kipande cha ndani kinachopandishwa na resi, na kazi yake ni kupandisha au kushusha mngurumo wa chini pikipiki ikiwa imesimama. Ya pili ni ile ndogo inayoabudiwa, na hiyo haina tabia moja. Kama imekaa upande wa filta, nyuma ya slaidi, inapitisha hewa. Ukiikaza unaziba hewa na mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli nyingi kwa hewa. Kama imekaa mbele ya slaidi, upande wa injini, inapitisha mafuta, na ukiikaza mchanganyiko unakuwa mwepesi. Kabureta ya Mikuni iliyo kwenye DT ni ya aina ya kwanza. Keihin za zile XL za stroki nne ni za aina ya pili. Kwa hivyo mwalimu wangu, ambaye alikiri kwamba ameshaikaza mwenyewe mara mbili kwa kisu cha jikoni, alikuwa akiiongezea pikipiki petroli kila alipojaribu kuinyima. Mlango wa skrubu, ule mfereji wa kuingizia bisibisi, ulikuwa umeng'oka kingo zote, ukifanana na jino bovu.

Lakini tuseme umezungusha upande sahihi. Bado hujapunguza mafuta ya safari, na hapa ndipo ninapopandwa na mori.

Kabureta haijui unaenda kilomita ngapi kwa saa. Haijui kama umebeba mama mkwe au gunia la viazi. Inachojua ni slaidi imeinuka kiasi gani. Kutoka resi iliyofungwa mpaka kama robo, anayetawala ni jeti ndogo (jeti ni kipande cha shaba chenye tundu la kupimia petroli) na hiyo skrubu yake. Mkato wa slaidi nao unaingilia kuanzia hapo chini. Kutoka robo mpaka robo tatu ni sindano na jeti inamopita. Robo tatu kwenda juu ni jeti kubwa. Mipaka inaingiliana, haikatiki kama ya shamba, lakini mpangilio ni huo.

Chukua tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Bandika kipande kwenye mshiko wa resi na kingine kwenye nyumba yake, piga mstari resi ikiwa imefungwa, kisha weka alama za robo, nusu, robo tatu na mwisho. Endesha kwenda Njoro na kurudi ukiangalia alama. Mwalimu nilimfanyia hivyo. Alirudi akiwa na uso wa mtu aliyesomewa matokeo ya mtihani: njia nzima mkono wake ulikuwa kati ya robo na nusu. Skrubu aliyokuwa akiilaumu ina kazi anapowasha, anaposimama langoni kungoja afunguliwe, na anapoanza kuondoka. Mafuta yake yanaliwa na sindano.

Sindano inaning'inia ndani ya slaidi kwa klipu ndogo yenye vijino kadhaa vya kuchagua. Klipu ikipanda jino moja, sindano inashuka na mafuta yanapungua. Ikishuka, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Hiyo peke yake ingetosha kumaliza mabishano mengi, ila ukiwa na pikipiki ya miaka 40 kuna jambo lingine ambalo halionekani kwa macho.

Sindano inagusa ukuta wa jeti yake. Kila injini inapotikisika, inasugua. Fanya hivyo miaka 40 kwenye barabara za vumbi na tundu lililokuwa duara linakuwa yai. Chukua mfano wa tundu la milimita 2.60 lenye sindano ya milimita 2.50 ndani yake. Petroli haipiti kwenye tundu lote, inapita kwenye ule upenyo mwembamba unaozunguka sindano. Sasa tundu likilika kidogo tu, likafika 2.62, upenyo huo unakua kwa asilimia 20. Sehemu mbili za mia za milimita! Hakuna jicho la kuona hiyo, na kalipa yangu haiaminiki kwa kipimo kidogo hivyo ndani ya tundu. Pikipiki inakunywa, plagi inakuwa nyeusi, resi ya chini inakabwa kabwa, na mwenyewe anazidi kukaza skrubu kwa sababu ndiyo pekee anayoweza kuiona bila kufungua kitu.

Nitakiri jambo. Mimi hubadilisha jeti ya sindano kwa hisia zaidi ya kipimo. Nikiona sindano ina mstari unaong'aa upande mmoja, kama kisu kilichonolewa vibaya, naihukumu jeti nayo. Huenda nimeshatupa jeti nzuri. Na kibaya zaidi, seti za spea za bei nafuu zinazouzwa kwenye pakiti ya plastiki haziko sawa. Nimeshafunga sindano mpya iliyofanya pikipiki iwe mbaya kuliko ile ya zamani, na nikiiweka kando ya ile kuukuu, ncha inaanza kuchongoka mahali tofauti kabisa. Namba imeandikwa ile ile. Siku hizi situpi sindano ya kiwandani hata ikiwa imechakaa. Ninazo kwenye kopo la kahawa, zimefungwa kwa uzi na jina la pikipiki.

Tukiwa bado kwenye mafuta, kuna ile hekima nyingine ya kijiweni: "Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo pikipiki inahitaji petroli zaidi." Ni kinyume. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina uzito wa takribani asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Injini inavuta ujazo ule ule wa hewa lakini ndani yake oksijeni ni haba. Kabureta nayo haipunguzi petroli kwa kiwango hicho hicho, kwa hivyo mchanganyiko unanenepa, kwa hesabu yangu kama asilimia 10. Pikipiki iliyotoka Japani na jeti zake za usawa wa bahari inakunywa kupita kiasi hapa hata kabla haijachakaa. Dawa ni jeti kubwa iliyo ndogo kwa saizi moja au mbili, na pengine klipu jino moja juu.

Swali gumu ni la mtu anayekaa Nakuru na kwao ni Kisumu. Akiteremka kutoka Mau Summit kupitia Londiani na Kericho mpaka Ahero, anaishia kwenye mita 1,130 hivi, penye joto na hewa nzito. Kabureta niliyoibana kwa ajili ya huku juu inakuwa nyepesi kule chini. Kwa injini ya stroki mbili hilo si suala la ulaji tena, ni pistoni kushikana na silinda huku umebeba mtoto nyuma. Mtu wa namna hiyo ninamwekea jeti inayofaa Kisumu na kumwambia avumilie moshi akipita Mau. Kuna mafundi ninaowaheshimu ambao hufanya kinyume na kumpa mteja jeti ya pili mfukoni abadilishe njiani. Sijui nani ataifungua kabureta kando ya barabara Londiani mvua ikinyesha, lakini wao wanasema wateja wao hufanya hivyo.

Kusafisha sitakaa sana. Funga petroli, fungua bakuli la chini, mwaga. Ikiwa pikipiki ililala miaka, utakuta gundi ya kahawia inayonuka kama rangi ya zamani. Toa jeti zote, floti, vali ya floti, planja ya choki. O-ringi na vitu vya mpira weka mbali na dawa ya kunyunyiza, inaviharibu. Nyunyiza kila kijia mpaka uone dawa ikitokea upande wa pili, kisha upepo wa kompresa. Kuna wanaochemsha mwili wa kabureta kwenye maji ya ndimu, na kweli uchafu unatoka. Nilifanya mara moja, nikapokea simu ndefu, na niliporudi chuma kilikuwa cheusi kama sufuria ya matanga. Sijarudia.

Waya, sasa. Tafadhali. Jeti ni ya shaba, waya wa breki ya baiskeli ni chuma. Jeti ndogo namba 35 ya Keihin ina tundu la kama milimita 0.35. Ukilizibua kwa waya na kulipanua mpaka 0.40, umeongeza nafasi ya kupita mafuta kwa karibu theluthi. Utasema umesafisha, na pikipiki itawaka vizuri siku hiyo, kwa sababu tundu lililokuwa limeziba sasa limezibuka. Baada ya wiki mbili utaanza kukaza skrubu. Mimi natumia mshipi wa nailoni, ule mwembamba kabisa wa wavuvi, ambao shemeji yangu hunitumia vipande kutoka Dunga. Ukikataa kupita, naloweka jeti usiku kucha na kujaribu tena asubuhi.

Baada ya kufunga, tuni injini ikiwa na joto, si ile ya kuwasha na kuanza kuzungusha papo hapo. Kaza skrubu ndogo polepole mpaka iguse, bila kuiminya, ukiiminya unachimba kiti chake. Ifungue mzunguko mmoja na nusu. Izungushe kidogo kidogo huku na huku mpaka mngurumo upande juu kabisa, kisha shusha kwa ile skrubu ya slaidi. Rudia. Kwenye skrubu ya hewa, ikitaka kuwa ndani ya mzunguko mmoja, jeti ndogo ni ndogo mno. Ikitaka kufunguliwa zaidi ya miwili na nusu, jeti ni kubwa mno, au kuna mtu alipita na waya.

Na ikiwa haisikii lolote, acha kabureta. Nusu ya kabureta "mbovu" ninazoletewa zina shida ya moto wa cheche: plagi, koili, pointi zilizoungua. Nyingine ni mpira wa kuunganisha kabureta na injini, umepasuka chini ambapo huoni, unavuta hewa ya wizi. Kwenye DT kuna pia sili za kranki, vile vizibo vya mpira kwenye shafti ya injini. Ya upande wa magneto ikichoka inavuta hewa, na injini inapanda resi yenyewe bila kutumwa. Ya upande wa klachi ikichoka inavuta oili ya giaboksi, na unapata moshi mweupe ambao kila mtu anaulaumu mchanganyiko. Nilishatuni kabureta moja siku tatu nzima kabla ya kukumbuka kupima kiwango cha oili ya giaboksi. Ilikuwa imekwisha. Mteja huyo hakulipishwa, na hakuambiwa kwa nini.

Rangi ya plagi ndiyo watu hunionyesha kama ushahidi. Kahawia ya mkate, wanasema, ni nzuri. Sawa, lakini plagi uliyoitoa baada ya kusubiri foleni ya lori pale Salgaa inakuonyesha foleni, haikuonyeshi sindano. Ili ikwambie kitu, endesha kwa nusu resi kwa dakika kadhaa, zima injini na ushike klachi papo hapo, kisha uitoe. Hata hivyo mimi naisoma kama ninavyosoma uso wa mtu: inanipa wazo, lakini nimeshadanganywa.

Ya mwalimu tuliimaliza Jumanne. Jeti ya sindano mpya, sindano yake ya kiwandani ikarudi, klipu jino moja juu, jeti kubwa saizi moja chini, filta ya sponji ikaoshwa na kutiwa oili, maana vumbi la Nakuru halihitaji mwaliko. Skrubu ya hewa niliibadilisha kwa sababu ya kile kisu, nikaifungua mzunguko mmoja na robo. Kutoka kilomita 17 kwa lita amefika 26, amepima mwenyewe kwa chupa na daftari, kama mwalimu.

Jana alipita kunishukuru, akaniletea mboga za shambani. Nilipoinama kuangalia kama kabureta inavuja, mlango wa ile skrubu mpya ulikuwa na mkwaruzo unaong'aa. "Niliikaza kidogo tu," akasema, "isije ikalegea."