Gendang na Lingko: Maana Yake kwa Anayekwenda Wae Rebo

Wamanggarai, wenyeji wa magharibi ya kisiwa cha Flores nchini Indonesia, wana msemo mfupi: gendang one, lingko pe'ang. Gendang ndani, lingko nje. Mtu anayepanga safari ya kijiji cha mlimani cha Wae Rebo, awe mtalii au mwenye mtaji anayetafuta pa kuuweka, aanze na msemo huo kabla hajauliza bei ya chochote.

Gendang kwanza ni ngoma, ile ya kupigwa kwa mkono. Ngoma za ukoo hutunzwa katika nyumba kuu, na kwa sababu hiyo nyumba yenyewe huitwa gendang. Kisha jina likawafunika hata watu wote wanaokutana humo kuamua mambo yao. Lingko ni ardhi ya kulima ya watu hao. Msemo unasema kwamba hakuna gendang isiyo na lingko yake, wala lingko isiyo na gendang yake.

Namna lingko inavyogawanywa inastahili kuelezwa polepole. Mzee wa ardhi, tu'a teno, husimika mti katikati ya eneo, mahali panapoitwa lodok. Kutoka hapo mipaka hutawanyika hadi kwenye ukingo wa duara, cicing. Kila familia hupata kipande chembamba kule kitovuni, kinachozidi kupanuka kadiri kinavyokwenda nje, na upana wake wa mwanzo hupimwa kwa vidole, moso. Shamba zima hutoka na sura ya utando wa buibui. Yale ya mpunga ya Cancar, karibu na mji wa Ruteng, ndiyo yanayopigwa picha zaidi, na wengi wanaoyapiga picha hudhani ni urembo tu. Ukiingia katika nyumba ya gendang ukaangalia juu, utaona miti ya paa ikitawanyika kutoka kwenye nguzo ya kati kwa mchoro ule ule.

Wae Rebo iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, katikati ya misitu, na barabara ya gari haifiki. Kutoka Labuan Bajo, mji wa bandari na uwanja wa ndege ambako watalii wa kisiwa cha Komodo hushukia, ni safari ya saa kadhaa kwa gari hadi kijiji cha Denge, halafu unapanda mlima kwa miguu. Kahawa ya wanakijiji hushuka kwa njia hiyo hiyo, mabegani. Watoto wa shule hukaa Kombo, makazi ya chini ambayo wazazi wao wameyajenga karibu na darasa, na familia nyingi huishi hivyo, mguu mmoja juu na mmoja chini.

Juu huko zipo nyumba saba zinazoitwa mbaru niang. Msomaji anayeijua msonge ya Wahaya wa Kagera hatapata shida kuzifikiria: paa la nyasi na nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi, limeteremka hadi karibu na ardhi, na fremu imefungwa kwa kamba za henzerani bila msumari. Tofauti ni kwamba ndani mna ghorofa tano. Watu hukaa ile ya chini. Ya pili ni ghala la chakula na vitu vya nyumbani, ya tatu huweka mbegu, ya nne huweka akiba ya mwaka wa ukame, na ya juu kabisa, hekang kode, ni ya sadaka kwa mababu. Mimi hupenda hesabu hiyo: mbegu za msimu ujao zimewekwa juu ya chakula cha leo, mahali pagumu kufikia kwa pupa.

Ilipofika mwaka 2008 nyumba zilizosimama zilikuwa zimepungua hadi nne. Msanifu majengo Yori Antar wa Jakarta alifika na wenzake, wakakusanya wafadhili, lakini ujenzi waliufanya wenyeji kwa ufundi wao, na vijana wakajifunza kwa wazee. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipata tuzo ya juu ya UNESCO ya uhifadhi wa urithi kwa Asia na Pasifiki. Wapo wanaoandika kwamba Wae Rebo ni Urithi wa Dunia. Si kweli, ile ni tuzo ya uhifadhi, na inatosha kujivunia jinsi ilivyo.

Mgeni akifika hupelekwa kwanza nyumba kuu. Mzee husali kwa Kimanggarai, akiwaarifu mababu kuwa kuna watu wamekuja na kuwaombea usalama. Sherehe hii huitwa wae lu'u. Kabla haijaisha hupigi picha. Wamanggarai wengi ni Wakatoliki, na sala ya mababu haijafutwa kwa ajili hiyo. Usiku wageni hulala kwenye mikeka, vichwa vimezunguka nyumba, hakuna chumba cha mkubwa.

Sasa mwenye mtaji. Neno wanalolitumia Waindonesia kwa mila zinazotawala ardhi ni adat, na sisi tunalo: ni ada, kutoka Kiarabu kile kile. Mkutano wa kuamua huitwa musyawarah, ndugu wa neno letu mashauri. Kwa hiyo hatuna udhuru wa kutoelewa. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inaitambua haki ya jamii ya adat juu ya ardhi yake, na inampa raia peke yake umiliki kamili. Mgeni hubaki na haki ya kuitumia kwa muda. Kiserikali Wae Rebo si hata kijiji kamili, desa. Ni kitongoji ndani ya desa ya Satar Lenda. Anayesaini karatasi katika ofisi ya desa peke yake amezungumza na nusu ya wenye mali.

Nusu nyingine ikipuuzwa, gharama yake inajulikana. Mwaka 2004 serikali ya wilaya ya Manggarai ilikata kahawa ya wakulima kwa madai kwamba imepandwa katika msitu wa serikali, na polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji mjini Ruteng, watu sita walikufa. Miaka ya karibuni, wakazi wa Poco Leok, eneo jingine la Wamanggarai, wamepinga upanuzi wa mtambo wa umeme wa jotoardhi wa Ulumbu, na hoja yao ni ule msemo wa gendang na lingko.

Kinachowezekana Wae Rebo kinaonekana katika yale yanayofanyika tayari: kununua kahawa kwa bei nzuri, kusaidia ukaushaji wake, kununua vitambaa vya wanawake wafumaji, kulipia malazi yanayosimamiwa na wenyeji wenyewe. Mazungumzo hufanyika katika nyumba ya gendang, watu wameketi duara, lonto leok, na huchukua muda. Mgeni hupewa kahawa kwanza.