Mkunga Aliyefika Ikulu ya Barbados

Kila Siku ya Wakunga Duniani, Mei 5, inapokaribia, simu za ofisi yetu huongezeka. Nyingi ni za wazazi: mtoto kachaguliwa uuguzi na ukunga, tumsaidie abadilishiwe, ana alama nzuri asije "akapotea huko". Huwa tunajibu kwa upole. Mwaka huu najibu kwa jina moja: Nita Barrow.

Alizaliwa Barbados, kisiwa cha Karibi, mwaka 1916. Alisomea uuguzi kwao, kisha akavuka bahari hadi Trinidad kusomea ukunga. Mwaka 1954 akawa matroni, yaani mkuu wa wauguzi, wa hospitali ya chuo kikuu Jamaica, wa kwanza mzaliwa wa visiwa vya Karibi.

Julai 1985 wanawake zaidi ya 10,000 walijaa Chuo Kikuu cha Nairobi kwenye jukwaa la asasi za kiraia. Aliyelisimamia ni yeye. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Madola ilituma watu saba Afrika Kusini kukabili ubaguzi wa rangi. Miongoni mwao alikuwamo John Malecela wetu wa Tanzania, na mwanamke alikuwa Barrow peke yake. Ili aingie Alexandra, mtaa wa Waafrika jijini Johannesburg, bila kutambuliwa, alijifunga kilemba na kuvaa kama mama wa mtaani.

Juni 1990 akaapishwa kuwa Gavana Mkuu, mwanamke wa kwanza Barbados. (Gavana Mkuu, cheo kilichokuwapo Barbados hadi 2021, hakuwa rais wala hakupigiwa kura; alimwakilisha Malkia Elizabeth II na kuridhia miswada.) Wapo wanaosema alibebwa na "kaka yake", Waziri Mkuu Errol Barrow. Kwanza, Errol ni mdogo wake. Pili, ni kweli alikuwa madarakani dada alipokuwa balozi Umoja wa Mataifa, lakini alifariki 1987. Marehemu hateui mtu.

Sasa yanayotuhusu. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya Tanzania ya 2010, kusajiliwa hakutoshi. Lazima mtu awe na leseni hai. Cheti cha chuo si leseni. Stakabadhi ya malipo si leseni. Leseni iliyokwisha muda, hata kama ni jana, si leseni. Kutoa huduma bila hiyo ni kosa la kufikishwa mahakamani, na "nilikuwa najitolea tu" si utetezi.

Ukimtilia shaka anayekuhudumia, usigombane naye wodini. Andika jina lake, kituo na tarehe, kisha toa taarifa kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga.